Kutafuta Filta na Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikaa kwetu Tangini, Kibaha, kwa miezi kadhaa akiuguza nyonga, na muda wote huo mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza. Hatukuwa tumegombana. Ni mila za kwao, huko bara walikotoka kabla ya kuhamia Kisarawe: mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hapokezani naye kitu mkono kwa mkono. Mimi ni mtu wa Pwani, kwetu mkwe tunakaa naye jamvi moja na kutaniana, kwa hiyo mwanzoni nilidhani mume wangu ananifanyia mzaha. Kumbe hakuwa na mzaha hata kidogo. Kila asubuhi nilipiga goti nyuma ya pazia la mlango nikasema "Shikamoo baba," naye akaitikia "Marahaba" kutoka barazani, basi, mpaka kesho yake. Akitaka kupita uani alikohoa kwanza ili nijue pa kuelekea.

Mume wangu alipokuwepo, yeye ndiye aliyepeleka maneno. Alipopangiwa kazi mkoani, shughuli hiyo ikahamia kwa mama mkwe, ambaye alikuwa shambani kwao Kisarawe. Nikitaka kujua kama baba atakunywa chai au uji, nilimpigia mama. Mama akampigia baba. Baba, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa ukuta, alijibu kwa sauti ambayo niliisikia vizuri tu dirishani, kisha nikasubiri mama anipigie aniambie kwamba ni uji. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nikazoea, nikawa namimina uji simu ikiwa bado inaita.

Gari la baba lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba. Ni lile refu, la zamani, linalovuta magurudumu yote manne, na mvua zikinyesha hakuna chombo kingine kinachofika shambani kwao. Ukishaiacha Kisarawe mjini unaingia njia ya udongo unaonata, inapanda na kushuka, na pikipiki huko zinateleza na abiria wake. Baba mwenye nyonga iliyofanyiwa operesheni hawezi kupakiwa kwenye pikipiki hata barabara ikiwa kavu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: bila gari, baba harudi kwake. Na mama hawezi kuiacha mikorosho na mbuzi aje kukaa mjini. Wazee hawa hawakuwahi kuishi mbalimbali tangu waoane.

Shida ilianza kwa nia njema. Baba akiwa bado kitandani hospitali, wanawe walichanga wakamwekea injini nyingine, maana ya kwake ilikuwa imekufa. Injini ya mtumba, imetolewa kwenye gari jingine kabisa, ikachomekwa humo na fundi mmoja aliyekata na kuunga mpaka ikakaa. Fundi huyo alihamia kusini na namba yake ikawa haipatikani. Hapo ndipo tulipoanza kuiona taa nyekundu kwenye dashibodi, ile yenye alama ya birika linalodondosha tone. Ukiwasha gari, taa ya oili inatakiwa kuzima mara moja. Hii ilibaki inakutazama, na ikizima, ukikanyaga mafuta kidogo inarudi.

Tulimwita fundi wa jirani. Alifungua boneti, akainama, akainuka, akaifunga.

"Dada, hii injini hata sielewi ni ya gari gani," aliniambia. "Mimi naona beringi zimekwisha. Uzeni tu, msijisumbue."

Wanaume wa familia wakakutana kwenye grupu la simu, na mimi nimo. Waliafikiana kwamba mnunuzi kutoka Maili Moja aje Jumamosi alasiri, alichukue gari kama lilivyo. Baba abaki Kibaha, karibu na hospitali. Mama "aelimishwe taratibu" juu ya kuliacha shamba. Baba hakuwemo kwenye grupu hilo. Nilisoma neno "aelimishwe" mara mbili na nikakasirika sana, hasira ya kutaka kurusha simu. Mtu mzima aliyelima kilima kizima kwa mkono, anaelimishwa!

Baba alikuwa na maoni yake, nami niliyapata kwa njia ya kawaida, yaani kupitia Kisarawe.

"Anasema hawakubadilisha filta ya oili," mama aliniambia kwenye simu. "Injini imekuja na filta yake ya huko ilikotoka, imeziba. Ibadilishwe kwanza, ndipo watu waseme imekufa."

"Muulize filta yenyewe iko wapi."

Nilisubiri. Dirishani nikamsikia baba akijibu, "Injini si ya kwangu hiyo! Ningejua si ningeshasema?"

"Anasema hajui," mama akaniambia.

Sasa, mimi nina ugonjwa wa kufungua vitu. Pasi ikikataa kupata moto naifungua. Redio ya marehemu bibi niliifungua nikiwa darasa la nne ili nimwone anayesoma habari. Ofisini wenzangu wakiona mashine ya kutolea nakala imekwama hawamwiti fundi, wananiita mimi, na wanajua nitasahau mafaili. Kuambiwa kwamba kuna kitu ndani ya gari letu na hakuna anayejua kilipo, kwangu ilikuwa kama kuwekewa pilau mbele. Daktari alikuwa amemruhusu baba kuendesha lakini amemkataza kulala chini na kuinama sana. Mimi sikukatazwa.

Jumamosi asubuhi nilivaa ovaroli la mume wangu, nikajifunga khanga juu yake kuanzia kiunoni hadi chini. Niliweka mawe kwenye magurudumu, nikatandaza viroba, nikapeleka beseni langu la kufulia kwa oili chafu, nikaingia chini ya gari miguu ikiwa imefunikwa. Baba alikohoa, akaja na fimbo yake, akainua boneti. Gari likawa pazia letu. Mimi niliona makobazi yake na ncha ya fimbo, yeye hakuniona kabisa. Simu yake aliiweka juu ya bodi ikiwa kwenye spika, na mama akiwa hewani kutoka Kisarawe.

"Anasema umeona nini?" mama aliuliza.

"Mwambie naona chuma."

Juu yangu baba aliguna.

"Anasema gari lote ni chuma."

Nilikuwa nimetazama video mtandaoni usiku uliotangulia. Kwenye gari kama hili filta inakaa mbele kulia, unaiona ukiinua boneti tu. Baba alipachungulia hapo akakuta waya zimefungwa kwa mpira na hakuna kingine. Fundi alikuwa amebadilisha injini na ramani yote. Nikaanza kupapasa. Nilipita kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikapanda na bomba, nikakuta kitu cha duara kinachojaa kiganjani.

"Mama, nimepata! Kiko kama kopo la maziwa."

"Anauliza kina mirija?"

"Kina miwili."

"Basi hiyo ni filta ya dizeli. Anasema kiache hivyo hivyo."

Nilikiacha. Nikagusa stata, nikaelezwa kuwa ni stata. Nikagusa kitu chenye mapezi, nikaelezwa kuwa ni dainamo na nitoe vidole. Nilikuwa nikieleza nilichoshika mikononi, maneno yakipanda mpaka Kisarawe na kushuka, na baba, ambaye alikuwa na picha ya injini nyingi kichwani, alikuwa akiichora hii moja upya kutokana na ninavyoielezea. Niligundua kwamba hata yeye anafurahia. Makobazi yake yalikuwa hayatulii. Alizunguka upande huu, akazunguka ule, fimbo ikagongagonga.

Ndipo nikafikiria kuitumia simu yangu. Niliwasha kamera na tochi, nikaisukuma kwa mkono kwenye upenyo kati ya injini na chuma cha kando, mahali ambapo kichwa hakiwezi kuingia, nikaizungusha bila kuona, nikaivuta. Nikalala pale chini nikiitazama video ile. Tope kavu. Waya. Tope tena. Kipande cha chuma kinene kilichochomelewa ili kushikilia injini. Na nyuma ya chuma hicho, kimelala ubavu, kitako cha duara, cheusi kwa uchafu, chenye doa la rangi ya machungwa pale ambapo kidole changu kilikuwa kimefuta. Hakina mrija hata mmoja. Nilipiga ukelele.

"Nini? Nyoka?" mama akauliza.

"Filta, mama! Imejificha nyuma ya chuma alichochomelea fundi!"

Kuipata ilikuwa nusu tu ya kazi. Nilifungua nati ya sampu, oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi na nzito. Kisha nikairudia filta. Kutoka chini vidole vyangu vilifika kwenye kitako tu na vikateleza. Nilikizungushia ukanda wa mpira wa baiskeli, nikavuta, haikutikisika. Baba naye alipata njia kutoka juu, mkono wake mrefu mwembamba ukipita kati ya mabomba mpaka kwenye shingo ya filta. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza peke yake. Ilibidi tuvute pamoja, na kuvuta pamoja kwa kupitia Kisarawe ni kazi.

"Anasema vuta," mama alitangaza.

Nikavuta. Baba alikuwa ameshavuta na kupumzika.

"Anasema mbona huvuti?"

"Nimevuta!"

"Anasema vuta tena."

Nikavuta, yeye akiwa anasubiri niambiwe. Tukaendelea hivyo mpaka jasho likaniingia machoni na mama mwenyewe akaanza kucheka. Halafu kicheko kikakatika katikati. Nikasikia mlio wa simu iliyopoteza mtandao. Huko kwao juu hutokea, upepo ukivuma kidogo tu mtandao unaondoka.

Vidole vyangu vilikuwa kwenye filta na vyake vilikuwa kwenye filta, kopo moja dogo kati yetu, na hakuna wa kutupelekea maneno. Nilisikia bodaboda zikipita barabarani. Nilifikiria alasiri, mnunuzi, mama akielimishwa. Baba alisafisha koo, na safari hii haikuwa kwa ajili ya kunifukuza.

Mkono wake ukashuka kutoka kwenye shingo ya filta ukavikuta vidole vyangu. Ukavifunika. Ulikuwa na joto.

"Mwanangu," alisema. "Sasa."

Tukavuta. Filta ilitoa mlio mkavu, ikakubali, na oili ikanichuruzikia kwenye mkono mpaka kwapani.

Aliondoa mkono wake haraka. Nilipotoka chini ya gari hakuwepo tena pale. Alikuwa ameketi barazani akiuelekea ukuta, anaufuta mkono ule kwa kitambaa, anafuta, anafuta, wakati yeye hakuwa amepakwa oili. Nikaingiwa na woga. Mimi mtoto wa Pwani nilikuwa nimeguswa mkono tu, lakini kwake kulikuwa kumetokea jambo, na nililiona kwenye mabega yake. Mtandao uliporudi mama alinipigia akauliza tumefikia wapi.

"Imetoka," nikasema.

"Imetokaje?"

"Imetoka tu, mama."

Niliitia filta ile kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda bodaboda mpaka Maili Moja na ovaroli langu hivyo hivyo. Kwenye maduka ya spea huwezi kutaja jina la gari peke yake, unatakiwa uende na sampuli, na siku hiyo nilielewa kwa nini. Muuzaji aliipindua, akaingiza kidole kwenye tundu, akapima mpira wake kwa kiganja.

"Hii ya vile vilori vya kubebea soda," akasema. "Una kilori, dada?"

"Kwa leo ninacho."

Basi moyo wa kilori cha soda ndio uliokuwa ndani ya gari la baba. Nilicheka njia nzima ya kurudi, huku nimeikumbatia filta mpya na galoni la oili.

Kufunga tulifanya kwa ishara ya kukohoa. Niliupaka mpira wa filta oili mpya kwa kidole, nikaipandisha nyuma ya kile chuma, nikaizungusha mpaka vidole vikaishiwa nguvu. Baba akakohoa. Nikatoa mkono wangu. Akaingiza wake kutoka juu, akaikaza alivyoweza, akatoa, akakohoa tena. Nikarudi kuhakiki. Hatukugusana, wala mama hakuhitajika, ingawa alikuwa hewani akiuliza mbona tumenyamaza.

Nilirudisha nati ya sampu, nikamimina oili mimi, kisha nikajibanza kwenye kona ya nyumba, kwa sababu baba alikuwa anaingia kwenye gari na uso wake ungenielekea. Nilikereka kupita kiasi. Kazi yote ile, na mwenye kuiona taa ni mwingine! Injini iliwaka. Niliusikia mlio wake, nikasikia na simu yangu; mama alikuwa na simu mbili, moja kwa baba na moja kwangu.

"Anasema inawaka bado," mama alisema.

Niliubana ukuta.

"Anasema bado."

Nilikuwa naomba kimoyomoyo, sikumbuki maneno, nadhani nilikuwa naiomba ile taa yenyewe. Kama beringi zilikuwa zimekwisha kweli, filta yangu ilikuwa kofia mpya kwa maiti.

Halafu sikuhitaji kumsubiri mama. Nilimsikia baba moja kwa moja, kwa masikio yangu, kutoka ndani ya gari. Alisema, "Imezima." Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, akaachia, akakanyaga tena. "Imezima, mama watoto. Hairudi."

Mama alikuwa analia kwenye simu. Niliandika kwenye grupu la familia: Gari haliuzwi. Kisha nikaizima simu kabla hawajaanza kunielimisha na mimi.

Baba hakutaka kusubiri kesho. Alikuwa na begi lake tayari, na nilipolibeba nikajua lilikuwa limefungwa siku nyingi. Ilibidi niende naye kwa sababu ya nyonga, kwa hiyo nilipanda kiti cha nyuma, nyuma yake kabisa, naye akakipindisha kioo cha ndani kikatazama dari. Tukapita njia za ndani mpaka tukatokea Kisarawe, tukaziacha ofisi na stendi, tukaingia kwenye ule udongo unaonata. Kila kilima nilichungulia kati ya viti kuitafuta taa nyekundu. Gari lilipanda kwa sauti ya kilori, polepole, na dashibodi ilibaki giza.

Mama alikuwa amesimama njiani, mbali na nyumba, na jembe bado mkononi. Baba alishuka kwa mguu mzima kwanza. Walitazamana.

"Umekonda," mama akasema.

"Nimemgusa mkwe," baba akasema.

Alisema hivyo kabla ya salamu, kabla ya kuuliza mbuzi. Nilikuwa nyuma ya gari nimeinama, natamani ardhi inimeze. Mama alimtazama mumewe, akatazama kule nilikojificha, na safari hii hakucheka. Kwao jambo kama hilo halipiti hivi hivi, hutakiwa kuku achinjwe. Aliweka jembe chini, akaenda uani, nikasikia kuku wakikimbia.

Baba alimchinja kuku mwenyewe, ameketi kwenye kigoda kwa sababu ya nyonga. Mimi nilichota maji na kumenya ndizi, sikuambiwa nimekosa na sikuambiwa sijakosa. Chakula kilipoiva mama alimpelekea baba barazani sahani yake na maji ya kunawa, akarudi jikoni. Nilidhani amerudi tule. Badala yake aliniwekea mbele kisahani kilichofunikwa.

"Kimetoka kwa baba yako," akasema.

Nilifunua. Ilikuwa firigisi, nzima, haijakatwa. Ile ya baba mwenye nyumba, ambayo tangu nazaliwa sijaona mwanamke akiwekewa, si kwetu wala si kwao. Nilitazama mlangoni, nikamtazama mama.

"Kula," mama akasema. "Hajagusa chakula chake. Anasubiri."

Niliila. Ilikuwa ngumu kidogo, na machozi hayakunisaidia kutafuna. Mama alingoja mpaka nikameza, akageukia barazani, akapaza sauti.

"Amekula."

Ndipo nikasikia maji yakimiminika, baba ananawa mikono.